Gari, Mzigo, Barabara, Dereva

Zamani, kabla shirika letu la umma halijauzwa, dereva wetu akirudi safari haendi nyumbani, haendi kunywa chai, haendi hata kujisaidia, kabla hajasimama mbele ya dirisha langu akatoa taarifa. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu la mbao lenye nondo, pembeni mwa geti, kule Nyakato kwenye viwanda, na mimi nilikuwa karani wa usafirishaji. Taarifa ilikuwa na mambo manne na yalikuwa na mpangilio wake: gari, mzigo, barabara, dereva. Dereva anavua kofia, anasimama wima, anasema, "Gari zima. Mzigo salama. Barabara mbovu pale Lamadi, maji yamekula ukingo. Dereva mzima." Mimi nageuza shingo kuelekea ofisi ya ndani na kuyarudia yote kwa sauti kubwa. Huko ndani ofisa usafirishaji akisikia anagonga meza mara moja, ko! Hapo ndipo dereva anakabidhi funguo.

Utaratibu huo aliuanzisha ofisa mwenyewe. Alikuwa ametoka jeshini lakini jeshi lilikuwa halijamtoka. Dereva akisahau jambo la nne, sauti inatoka ndani: "Dereva?" Na hapo lazima useme ukweli wako. Una homa, sema. Umefiwa, sema. Umekunywa, sema, utatukanwa lakini sema. Aliyesema hana nguvu hakupewa gari kesho yake. Alikaa stoo akipanga matairi na mapipa ya oili hadi apone, na mshahara ulikuwa uleule. Kulikuwa na dereva mmoja mguu ulimkataa kabisa, akawa mtu wa stoo hadi anastaafu, na hakuna aliyemcheka.

Kazi ya kurudia taarifa nilipewa mimi kwa sababu ya sauti. Nimekulia ziwani, upande wa Mara, ambako unamwita mtu aliye mtumbwini huko mbali na anakusikia. Na mdomo wangu hauna breki, hilo walishaniambia tangu shule. Watu wengine wanazaliwa na uzuri, mimi nilipewa sauti, na nashukuru, imenilisha.

Kisha zikaja zile habari za mashirika kuuzwa. Tulizisikia redioni kama mambo ya Dar es Salaam, mpaka siku moja wakaja watu wenye suti kuhesabu malori, na baada ya hapo akaja mwenye mali. Madereva wote wa Tanzania wanamwita mwenye gari tajiri, hata akiwa na kagari kamoja ka kusukuma, basi na sisi tukawa na tajiri wetu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo maana watu ukiwaambia habari za tajiri wanataka awe na kitambi na matusi. Huyu alikuwa mwembamba, mpole, alimsalimia hata mlinzi, na mishahara yake haikuchelewa kama ya shirika. Tulikuwa tumeshachoka kusubiri mishahara ya shirika.

Siku ya kwanza alinisikia nikipaza mambo yangu manne, akatoka mbio akidhani kuna moto.

"Dada, mbili zinatosha," akaniambia. "Gari na mzigo. Barabara ni ya serikali. Na dereva namwona kwa macho yangu."

Basi mambo manne yakawa mawili. Stoo nayo ikafungwa, vipuri vikawa vinanunuliwa mjini kila vikihitajika. Matingo, wale wasaidizi wa dereva, wakaondolewa kwenye safari za Musoma, kwamba si mbali, dereva atajitegemea. Na ikaja amri mpya: likitokea lolote njiani, tajiri ajue kwanza, polisi baadaye.

Hiyo ya mwisho iliwatoa madereva jasho. Sheria inasema ukigonga, uripoti kituo cha polisi cha karibu, na hilo kila dereva analijua kabla hajajua kubadili gia. Sasa mmoja wetu akagonga ng'ombe karibu na Magu. Akakumbuka amri ya tajiri, akaendesha moja kwa moja hadi dirishani kwangu kutoa taarifa. "Gari lina mkwaruzo, mzigo salama." Alipokwenda polisi baadaye aliambiwa amekimbia ajali, akalala ndani. Aliyefuata kupata ajali akaanzia polisi, tajiri akamnunia mwezi mzima. Madereva wakawa wananiuliza mimi waripoti kwa nani. Nikawaambia waripoti kwa mama zao, maana mimi sikuwa na jibu na walikuwa wanaanza kunichosha.

Mzee mmoja tu ndiye aliyeendelea na mambo manne. Alikuwa Msukuma, dereva wa siku nyingi kuliko wote, anakaa Igoma, nyumba yake imetazamana na barabara ya Musoma. Nikimwamkia "Shikamoo mzee," anaitikia, "Marahaba, mayu," kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima hata akiwa binti. Barabara aliiita balabala. Tajiri alijaribu kumkatisha mara moja, mzee akamsikiliza kwa adabu, akamaliza: "Balabala nzuri. Dereva mzima." Tajiri akacheka, akamwacha. Alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kunyonya mafuta kwenye tangi akauza njiani, na lilipokuja lori jipya, jipya kweli, viti bado vina nailoni, alimpa yeye.

Mimi nami nilimpenda kwa sababu yangu. Mama yangu alikuwa akiuza dagaa na mihogo kandokando ya barabara hiyohiyo, upande wa Bunda. Mzee alikuwa akisimama pale kila safari, mama anampa mfuko wa dagaa aniletee. Anamaliza taarifa, anapitisha mfuko kwenye nondo, anasema, "Mama hajambo, anasema uolewe." Kila safari, mama anasema niolewe. Na mimi kila safari namjibu, "Mwambie atafute bwana, mimi niko kazini." Mzee anaondoka akicheka.

Sasa lazima nieleze namna madereva wanavyopeana habari, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mkiwa mnapishana, mmoja anatoa mkono dirishani. Kiganja kikigandamiza chini, kuna trafiki mbele, punguza. Kidole kikionyesha chini, kuna shimo au daraja limekwenda. Mkono ukipungwa tu, njia nyeupe, safari njema. Unayepewa lazima urudishe mkono. Hilo halijaandikwa popote, lakini asiyerudisha anaonekana hana utu. Jambo la pili ni majani. Gari likiharibika, dereva anakata matawi mabichi, anayalaza barabarani nyuma na mbele ya gari, mbali kidogo, ili anayekuja ajue kuna watu chini ya gari. Serikali inadai pembetatu ya kung'aa, na pembetatu ipo, iko chini ya kiti kwa ajili ya kuwaonyesha trafiki. Barabarani kinachoaminika ni majani. Dereva anaweza kukanyaga sheria zote za nchi hii na akalala usingizi, lakini majani hayakanyagi.

Malalamiko yalianzia dirishani kwangu. Dereva wa kwanza alitoa taarifa yake, gari zima, mzigo salama, kisha akaongeza, "Na mwambie mzee wenu lori jipya limempanda kichwani. Nimempa mkono Kisesa, amepita kama waziri." Nikacheka. Wa pili akaja na hayohayo. Aliyelichukulia vibaya kuliko wote alikuwa dereva mmoja Mkurya, mtu wa hasira za karibu, ambaye mzee ndiye aliyemfundisha kazi. "Mimi!" akawa anapiga kifua. "Mimi nampa mkono, ananipita! Amenisahau mimi!" Ungedhani ameachwa na mke.

Kisha yule Mkurya akaharibikiwa na gari baada ya Magu. Akalaza majani, akaingia chini ya gari. Akiwa kule chini, miguu iko nje, akasikia lori linakuja bila kupunguza mwendo, majani yakalia shwaa, akavuta miguu. Lori likapita karibu hata vumbi lilimwingia mdomoni. Alipotoka aliona mgongo wa lori jipya la mzee likienda zake.

Siku ile hakutoa taarifa, alitoa matusi. "Amekanyaga majani! Mtu mzima! Amekanyaga majani akijua mimi niko chini!" Dereva mmoja aliyekuwepo alisema polepole kwamba labda mzee aliteleza. "Ameteleza wapi? Anajisikia! Tajiri kampa gari jipya, sisi wengine ni takataka!"

Wakakaa wakaamua kumnyima barabara. Ndiyo adhabu yao kubwa. Hupewi mkono, huambiwi trafiki wako wapi, huambiwi daraja gani limeliwa. Unaachwa uende kipofu. Hawakukwenda kumwambia tajiri wala polisi, maana huko si kwa kushitakiana madereva. Walimsusa tu, na wakaingojea siku atakayoona uchungu aje kuomba radhi.

Wakangoja. Mimi nikawa naletewa habari kama mechi ya mpira. Leo nimempita Lamadi sikumpa kitu. Leo nimempita Igoma, nimekunja mkono hivi makusudi. Na mzee anafika dirishani, "Hujambo mayu," mchangamfu kama kawaida, anawasalimia wote kwenye foleni, wao wananuna, yeye anapiga stori. Yule Mkurya alikaribia kulia. "Tumemsusa jamani, hana habari! Mtu gani anasuswa hana habari?"

Walirudi kwenye chai yao wakiendelea kulalamika. Mimi nilibaki na lile swali. Mtu anayeringa anaona vizuri sana kwamba amesuswa, tena anafurahi. Huyu alikuwa hajui kabisa. Nikaanza pia kukumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelipita: mzee, ambaye tajiri mwenyewe alishindwa kumkatisha, alikuwa siku hizi anaishia jambo la tatu. Gari zima, mzigo salama, balabala nzuri. Basi. Nilidhani amechoka kupingana na zama.

Safari iliyofuata nilimsubiri. Alipomaliza mambo yake matatu nikatoka nje, nikazunguka, nikaja kusimama upande wake wa kulia, karibu kabisa. Nikanyoosha mkono nikapunga kama dereva anavyompungia mwenzake. Mzee alikuwa bado anatazama dirisha, anatabasamu, anangoja nirudi kitini. Nikapunga tena. Hakugeuka.

"Mzee," nikasema. Akaruka.

Tulikwenda kukaa kwenye tairi bovu nyuma ya yadi. Sikuzungusha maneno. Nilimwambia, "Huoni pembeni." Akasema alikwenda hospitali kimyakimya, wakamwambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki kitafuata taratibu. Mbele anaona, ila kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Majani yale hakuyaona. Alijua amekanyaga kitu, akafikiri ni mabua yameanguka kutoka kwenye mkokoteni. Nilipomwambia ni nani alikuwa chini ya gari lile, alishika kichwa akasema kitu kwa Kisukuma ambacho sikukielewa.

"Sasa utaripoti?" nikamuuliza.

"Niripoti kwa nani, mayu? Hajaniuliza mtu. Siku nikiulizwa sitadanganya, wewe mwenyewe umesikia, ile ya nne nimeacha kuisema. Lakini nikaanze mimi? Zamani ningepelekwa stoo. Stoo sasa iko wapi? Nyumba yangu Igoma unaiona, nusu bati nusu anga. Nikitoa funguo leo, kesho hatuli."

"Mzee, mama yangu anakaa pembeni."

Alinielewa. Alitazama chini, akasema, "Pale kwa mama napajua. Pale huwa nasimama kabisa."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Kwa mama alikuwa anasimama, je, kwa mama wa wengine? Lakini pia nilikuwa namwona yule mtu na kofia yake magotini, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Chini ya shirika lingekuwa jambo la kawaida kabisa. Ungelisema dirishani, meza ingegongwa, ungekwenda kupanga matairi.

Nikaenda kwa tajiri. Nikabisha hodi, nikamwambia nina taarifa ya dereva.

"Gari limepata nini?"

"Halijapata kitu."

"Mzigo?"

"Haujambo."

"Basi hakuna taarifa," akasema, akicheka kidogo. Nikamwambia hivyohivyo nikiwa nimesimama, kwamba mzee haoni pembeni. Aliweka kalamu chini.

"Dada, hilo hujaniambia."

"Nimekuambia sasa hivi."

"Hujaniambia. Ukiniambia, nimejua. Nikijua, siku akigonga mtu, mimi ndiye niliyempa gari nikiwa najua. Lakini sasa hivi ana leseni ya serikali inayosema yuko sawasawa. Mimi ni nani nibishane na serikali?" Alisema kwa upole uleule wa kumsalimia mlinzi. "Mzee hanyonyi mafuta. Mzigo unafika. Wewe rudi dirishani."

Haya. Serikali. Leseni za madereva wetu wote nilikuwa nazipeleka mimi kuongezwa muda, zimefungwa kwa mpira kama karata. Kaunta wanatazama picha, wanagonga mhuri, wananirudishia. Ya mzee nayo ilikuwa imekwenda hivyo na kurudi hivyo, na macho yake yalikuwa Igoma yamelala. Nilipokwenda tena na fungu jingine nikamuuliza askari wa pale, kijana tu, "Afande, dereva akiwa haoni vizuri anaripoti wapi?"

"Anakuja mwenyewe hapa anasema."

"Na asipokuja?"

Alinitazama kama ninayempotezea muda. "Asipokuja si ina maana anaona?"

Nikashika njia nikarudi Nyakato. Sikuwa hata na hasira tena. Tajiri anaitegemea serikali, serikali inamngoja mzee, mzee anangoja aulizwe, na madereva, ambao ndio pekee waliokuwa wameona kitu kwa macho yao, walikuwa wanaona majivuno. Mama yangu alikuwa ameketi na beseni lake kando ya lami. Kila mara lori jipya la mzee lilipotoka getini nilikuwa nalisindikiza kwa macho mpaka linakata kona, kisha sifanyi kazi ya maana mpaka lirudi.

Likarudi siku moja jua likiwa bado kali. Dirishani kulikuwa na foleni ya madereva, na yule Mkurya alikuwa wa mwisho. Lori liliingia polepole, likasimama mahali pake sawasawa kabisa, maana mbele alikuwa anaona. Ila bampa lake upande wa kushoto lilikuwa limevaa majani. Tawi zima, bichi, limenasa kwenye pembe ya bampa, linaning'inia mpaka karibu na tairi. Madereva waliliona wote kwa pamoja. Yule Mkurya alikwenda akachuchumaa mbele ya lori, akatazama bampa, akatazama tairi, akapitisha mkono chini. Alikuwa anatafuta damu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akainuka, akatikisa kichwa kwamba hamna kitu.

Mzee alishuka. Alipita hatua moja tu kutoka kwenye lile tawi na hakulitazama. Ndipo nilipomwona yule Mkurya sura inambadilika. Alikuwa anamtazama mzee, anatazama tawi, anamtazama mzee. Mdomo wake ulibaki wazi.

Madereva walimpisha, naye akadhani wamemheshimu uzee, akawashukuru. Akaweka mfuko wa dagaa wa mama kwenye ubao wa dirisha. Akavua kofia.

"Gari zima," akasema. "Mzigo salama. Balabala nzuri."

Akanyamaza, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo, akanyoosha mkono na funguo. Sikuzipokea. Nilikuwa nimekaa na ule mfuko mbele yangu, unanuka nyumbani. Mama alikuwa ameufunga fundo lake lile la mara mbili asubuhi ileile, kwa hiyo mama alikuwa mzima, na kwenye majani mengine kulikuwa na mtu mwingine ambaye naye alikuwa mzima kwa bahati tu. Nilijua nikifungua mdomo nyumba ya Igoma itabaki nusu anga. Nilijua na nikafungua.

"Dereva?" nikauliza.

Sikumuuliza kwa ukali. Lakini nilimuuliza kwa sauti ya dirishani, ya kazi, na kila mtu pale alisikia.

Mzee alinitazama usoni, moja kwa moja, palepale ambapo alikuwa bado anaona. Mkono wenye funguo aliurudisha kifuani. Kisha akasimama wima, kama walivyokuwa wanasimama enzi za ofisa.

"Dereva mbovu," akasema. "Haoni."

Nikageuza shingo kuelekea ndani. Nikayarudia yote manne, kwa sauti ya ziwani, ya kumwita mtu aliye mbali. Gari zima! Mzigo salama! Barabara nzuri! Dereva mbovu, haoni! Kiwanda cha jirani nadhani walisikia. Tajiri, ambaye mlango wake ulikuwa wazi, asingeweza tena kusema sijamwambia.

Ndani kukawa kimya. Mzee alikuwa bado amesimama. Nilichelewa kuelewa anangoja nini: alikuwa anangoja meza igongwe, ndipo akabidhi. Tajiri hakuwahi kugonga meza tangu aje, wala hakujua kwamba hugongwa. Tukangoja. Ilikuwa aibu kubwa, watu wazima tumesimama juani tunangoja mlio.

Yule Mkurya akapita mbele ya foleni. Alikunja ngumi akagonga ubao wa dirisha langu mara moja, ko. Mzee akasikia. Akaweka funguo juu ya ubao, kando ya dagaa.

"Nikupeleke nyumbani, mwalimu," yule Mkurya akasema. Mzee akamwambia kwanza arudi kwenye foleni atoe na yeye taarifa yake, foleni ni foleni.

Tajiri alitoka baadaye. Alimpa mzee mkono, mfuko wa sukari na maneno mazuri, na kweli alikuwa na huzuni, mimi siwezi kumsingizia. Stoo hakuifungua. Mimi hakunifukuza, ila alikoma kuniita dada. Lori jipya alipewa mtu mwingine, likaanza kula mafuta mengi. Bati za ile nyumba zilimaliziwa na madereva wenyewe, mmoja mmoja, na aliyekuwa juu ya paa akipiga misumari na kumtukana kila mtu alikuwa yuleyule Mkurya.

Mkono hawangeweza tena kumpa. Kwa hiyo wakaanza kumpigia honi. Mzee alikuwa akikaa nje na kigoda chake, na kila lori la kwetu likipita Igoma linapiga, naye anainua mkono. Aliinua hata kwa honi za baiskeli. Madereva wakifika dirishani kwangu, gari zima, mzigo salama, wanaongeza, "Na kwa mzee nimesharipoti." Ikawa hivyo, kisha malori ya kampuni nyingine yakaiga, kisha mabasi.

Mimi niliacha kazi kabla miaka ile ya tisini haijaisha, na mzee alifariki masika ya mwaka uliofuata. Baada ya hapo nilipanda basi kwenda kumwona mama, nikakaa kiti cha mbele. Dereva alikuwa kijana ambaye sikumfahamu. Tulipofika Igoma, mbele ya ile nyumba, akapiga honi. Nje hapakuwa na kigoda wala mtu, kuku tu. Nikamuuliza anampigia nani.

"Pale huwa tunaripoti, dada."

"Mnaripoti kwa nani?"

Alifikiri kidogo, macho yakiwa barabarani.

"Sijui," akasema. "Nilivyoanza kazi niliambiwa, ukipita pale lazima uripoti."